Majani Mabichi ya Mkosambi

Jumamosi ile, katika kibanda cha kubanikia nyama kwa moshi cha Mama Adolfina Ndun, nje kidogo ya mji wa Kupang, kisiwani Timor, walikuwepo watu wanne: Adolfina mwenyewe, mwanawe Mesakh, Yusmina, mke wa Mesakh, na mjomba Yermias, kaka yake Adolfina, aliyeshuka asubuhi kwenye meli ya kutoka kisiwa cha Rote.

Yusmina alikuwa na mwaka wa pili katika nyumba ile. Alikwisha kufundishwa kukata nyama ya nguruwe vipande virefu kama mikanda, kuipaka chumvi na kuilaza hadi kesho yake. Moto tu ndio haukuwa wake. Moto ulikuwa wa mama mkwe, ambaye sasa vidole vilimkakamaa na macho yalimchuruzika machozi. Adolfina alikwisha kutamka kwamba nyama ya kumkaribisha mjomba ataisimamia Yusmina; ikimpendeza mgeni, moto utakuwa wake; isipompendeza, ataitwa binamu yake Mesakh kutoka mji wa So'e.

Saa nne makaa ya mkosambi, mti ambao kuni na majani yake ndiyo ya kubanikia nyama, yalikuwa tayari. Yusmina alipofungua fungu la majani ya kufunikia nyama, aliyakuta yamenyauka. Mesakh aliyakata Alhamisi. Majani makavu hudaka moto, na nyama iliyolambwa na mwali huungua nje ikabaki mbichi ndani.

"Weka hayohayo," Mesakh alimnong'oneza. "Mjomba hasubirishwi."

Hilo Yusmina alilijua. Kwa watu wa Rote mjomba ndiye shina. Harusi haifungwi bila yeye, wala chungu hakifunuliwi kwa ajili ya mwingine kabla yeye hajapakuliwa. Hata hivyo aliyasogeza kando makaa, akamwambia mumewe apande pikipiki akakate mengine. Mesakh aliuliza kama ni lazima aende hadi kwenye mkosambi wa nyuma ya kanisa. Akajibiwa kwamba ni hadi huko, na arudi na matawi mazima.

Kisha Yusmina akatoka nje, walikoketi ndugu wawili wakitafuna tambuu, akaeleza mwenyewe kwamba majani ya Alhamisi yamenyauka na chakula kitachelewa. Adolfina aliacha kutafuna. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nimevuka bahari na tumbo tupu, mkwe," mjomba alisema, "nije kutazama majivu?"

"Majivu utayala, mjomba, nikiharakisha. Nivumilie saa moja na nusu."

Mzee aliomba tambuu nyingine.

Mesakh alirudi amelowa jasho. Yusmina alitandaza majani mabichi juu ya nyama, tabaka kwa tabaka, akaketi karibu bila kuondoka. Moshi ulipita taratibu, mweupe, wenye harufu tamu, na nyama ikaiva ikiwa nyekundu kama embe bivu.

Mjomba alipakuliwa kwanza, pamoja na pilipili ya kusaga iliyokamuliwa ndimu. Alikula nyama yote. Alipomaliza, akanyoosha mkono akatwaa kipande kilichokuwa kwenye sahani ya Mesakh.

"Wewe mkata majani ya Alhamisi," alisema, "kula wali."

Adolfina alicheka mpaka akashika ubavu. Akanawa mikono, akaifuta kwa kanga yake, na kuwataka wote wamsikilize.

"Binamu wa So'e haitwi tena. Kuanzia Jumatatu moto ni wa Yusmina. Mimi nitakata nyama, naye akisema tusubiri, tutasubiri sote, hata kaka."