Kikohozi cha Silinda ya Tatu

Asubuhi ya Jumamosi gari la viti saba liliingia gereji likikohoa. Fundi, aliyekuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga, alilisikia kabla hajaliona. Lilisimama juu ya doa la oili, karibu na mlango wa mabati. Akashuka mwanamume aliyevaa shati la kazini ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Alikuwa mkaguzi wa shule. Mkewe alibaki kiti cha mbele, mkoba mapajani.

"Likipanda mlima ndiyo balaa," mkaguzi alisema. "Ofisini wananicheka. Wanasema nimepakia mgonjwa."

"Linagonga, linalia au linakohoa?" fundi aliuliza. "Kila moja na dawa yake."

"Fundi ni wewe. Sikiliza."

Fundi alifungua boneti. Mkanda haukuwa umelegea. Alichomoa kichujio cha hewa, akakikung'uta, kilikuwa safi. Oili ilikuwa kwenye kipimo chake. Ndipo akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha juu ya injini na mpini sikioni, akawa anaihamisha pole pole huku mkaguzi akikanyaga mafuta kutoka ndani. Alipofika silinda ya tatu aliinua mkono.

"Zima. Ni kikohozi cha mtoto," alisema. "Kikavu, cha kifuani. Mtoto wa kike."

"Kwa hiyo plagi imekufa?" mkaguzi aliuliza.

"Plagi nzima. Mtoto ndiye hakuwa mzima."

Mkewe alishuka, akaja kusimama mbele ya boneti. "Hebu washa tena," alimwambia mumewe. Gari likawaka. Mama aliinama, akasikiliza kama mtu anayesikiliza mlangoni pa chumba alicholala mgonjwa.

"Ni Njiwa," alisema.

Njiwa alikuwa binti yao wa pekee. Walimpa jina hilo kwa sababu alizoea kulala amekaa, kichwa kimezama mabegani. Siku moja kabla ya msimu wa mvua kuanza walikuwa wakienda kwenye sherehe ya kumuaga mkurugenzi, mtoto akikohoa kiti cha nyuma. Walipofika mbele ya lango la hospitali mama alisema, "Baba Njiwa, kata kona." Mkaguzi akajibu kwamba hotuba ya kwanza ilikuwa yake, kwamba watapitia wakirudi, na kwamba mtoto akidekezwa hukohoa zaidi. Akaongeza sauti ya redio. Mama hakujua kuendesha. Kila alipoomba kufundishwa aliambiwa barabara zimejaa wendawazimu. Walipokuwa wakirudi, nyuma kulikuwa kimya, na mkaguzi akasema, "Umeona?"

Gari lilianza kukohoa matanga yalipoanuliwa.

"Hutokea," fundi alisema. "Sauti ikizuiwa nyuma hupita chini ya zulia, ikaenda mbele. Haiharibu injini. Mnaweza kutembea nayo miaka."

"Basi mwache," mama alisema.

"Mtoe," mkaguzi alisema.

Fundi aliwatazama wote wawili. "Gari la nani?"

"Langu."

"Baba Njiwa, nakuomba," mama alisema. "Tangu tumzike sijakuomba kitu. Sitakusumbua. Ukisharudi kutoka kazini nitakuwa nakaa ndani ya gari pale uani, basi."

"Mama Njiwa, usinitie aibu kwa watu. Aliyekufa harudishwi na moshi wa gari. Jumatatu nina safari." Simu yake ikalia, akatoka nje kuzungumza.

"Samahani, mama," fundi alisema. "Mimi namfuata mwenye gari."

Akafungua plagi ya silinda ya tatu. Pumzi ya uvuguvugu ilitoka tunduni ikinukia dawa ya kifua. Ikakohoa mara moja, kisha ikauliza, "Mama, tumefika?"

"Bado, mwanangu," mama alisema. "Lala."

Pumzi ikapanda hadi kwenye mabati ya paa, ikaisha. Fundi alirudisha plagi, akaikaza vizuri. Mkaguzi aliporudi akawasha gari, likanguruma kwa upole.

"Hapo sasa!" alisema. "Fundi, Mungu amekujalia mikono."

Kizuri chajiuza. Hazikupita siku nyingi, magari yakaanza kupanga foleni nje ya gereji. Gari la daktari lililia kwa kwikwi kila liliporudi nyuma. La mfanyabiashara wa mbao liliomba radhi likifungwa breki, kwa sauti ya marehemu mdogo wake. La mama mwenye nyumba ya kupanga liliimba wimbo wa kubembeleza kitoto kichanga, na mwenye gari alisema hamjui mwimbaji. Fundi alizitoa sauti zote, moja baada ya nyingine, bila kuuliza zaidi ya gari ni la nani. Mtaa ukatulia.

Mama Njiwa hapandi gari tena. Sokoni huenda kwa miguu, kando ya barabara ya mlimani, na gari lolote likipanda nyuma yake, yeye hupunguza mwendo akatega sikio. Mumewe humpita hapo akienda kazini. Humpigia honi kwa adabu, asije akamgonga, maana siku hizi gari lake halisikiki likija.