Daftari la Mwalimu Kornelio

Kufikia saa tano asubuhi karatasi zote za mtihani wa majaribio zilikuwa zimekwama mbele ya Mwalimu Efrazia, na wenzake walikuwa wamekunja mikono kwapani, wakimtazama kama dereva aliyeegesha lori katikati ya kona kali za barabara ya Soni. Nje, ukungu wa Julai ulikuwa bado haujaachia miti ya misonobari. Ndani ya maktaba hakuna aliyevua sweta.

Walisahihisha kwa mnyororo: kila mwalimu alishika swali moja, akimaliza aliisukuma karatasi kwa jirani. Swali la nne lilikuwa la Efrazia, nalo liliwataka wanafunzi waeleze maana ya "put up" katika sentensi tano. Vipengele vinne havikuwa na neno: kujenga ukuta, kupandisha bei, kubandika tangazo, kuiweka nyumba sokoni. Alikwishavisahihisha, na wenzake walikuwa wameyamaliza maswali yao yote, wakamrudishia karatasi. Ugomvi ulikuwa kwenye cha tano, ambapo Zabron "put up" mjomba wake kwa siku tatu. Mwongozo ulisema Zabron alimvumilia mjomba. Efrazia alisema alimpa malazi.

"Ili iwe kuvumilia, lazima ifuatwe na 'with'," alisema kwa mara ya tatu, akaigeuza kamusi ili wote waione. "Hapa haipo."

Mwalimu Kornelio, mkuu wa jopo, hakuitazama kamusi. Alibakiza mwaka mmoja kustaafu, na kila aliyeketi mezani pale alikuwa mwanafunzi wake zamani. Walinakili daftari lake walipokuwa wanafunzi. Walipopata ualimu, wakawanakilisha watoto wa watu daftari lilelile, pamoja na Zabron na mjomba wake.

"Kamusi hiyo haikutunga mtihani," alisema Kornelio. "Nimeutunga mimi."

"Shikamoo nilikupa asubuhi, Mwalimu, na kesho nitakupa tena. Maana ya neno haimo ndani ya shikamoo."

Mtu aliguna. Shamsa, aliyeshika swali la tano, aliivuta kamusi, akasoma kwa kidole, kisha akairudisha taratibu. "Kitabu kinasema hivyo, Mwalimu," alisema. Kornelio alimwangalia tu, na Shamsa akaanza kuichonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema Twaha, aliyekuwa akijumlisha alama. "Mkuu wa shule yake kasema wastani wa Kiingereza usipofika arobaini na tano, mkataba wake hauongezwi. Lushoto nzima inajua, Dada Efrazia. Usituletee kamusi."

"Ni kweli kuhusu mkataba," alisema Efrazia. "Na mjomba bado alipewa kitanda."

Hakuona haya, kwa kuwa hesabu ilikuwa upande wake. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha kosa lile miaka mitatu, hadi mwezi wa pili alipoligundua kwenye kamusi. Mwezi wa tatu alisimama mbele ya kidato cha nne, akaandika maana sahihi ubaoni, akawaamuru waikate ya zamani. Wanafunzi wake thelathini na wanane wangepata. Wa Kornelio wangekosa. Haki na mkataba vilikuwa vimekaa benchi moja.

Kornelio alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shali. Alipoirudisha usoni alikuwa anatabasamu, na Efrazia alilikumbuka tabasamu lile: lilikuwa likija kabla ya kumwita mwanafunzi ubaoni.

"Haya. Mwongozo tunaubadilisha," alisema. "Ila tuanze na bahasha ya shule yako. Hapa, mbele yetu."

Alizivuta bahasha zote upande wake, akaifungua mwenyewe ya shule ya Efrazia. Akasoma karatasi ya kwanza kwa sauti ya darasani. "Alimvumilia." Akaigeuza. "Alimvumilia. Alimvumilia. Huyu naye kavumilia." Aliendelea hivyo, bila haraka, mpaka mwisho. Saba waliandika malazi. Thelathini na mmoja waliandika kuvumilia, na wawili kati yao walikuwa wameanza kuandika malazi, wakakata kwa mstari mmoja wa rula.

"Uliwaambia mara moja," alisema Kornelio. "Daftari liliwaambia kila walipolifungua. Nilikufundisha hilo pia, binti, lakini hukulinakili."

Twaha alikuwa ameshapiga hesabu. "Bila kipengele hiki wana arobaini na nne kamili. Kwa mwongozo wa Mwalimu, arobaini na tano nukta sita. Kwa kamusi, arobaini na nne nukta nne." Aliiweka kalamu chini. "Chagua, Dada. Mjomba amelala au hakulala?"

Kornelio aliusukuma mwongozo wa zamani mpaka ukagusa kiwiko cha Efrazia. "Mimi si mtu wa kinyongo," alisema. "Sema tu kwamba tumeelewana, tunywe chai. Viazi vinapoa."

Efrazia aliutazama mwongozo. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemuuliza tena maisha yake yote. Wangemkaribisha chai, na mwakani angekaa kiti kilekile, akiwanakilisha wengine. Aliirudia hesabu ya Twaha kichwani, akitafuta kosa. Haikuwa na kosa.

"Alilala," alisema.

Aliivuta karatasi ya juu, akatia alama ya mkasi kwa wino mwekundu kwenye kipengele cha tano, akaisukuma. Akavuta ya pili. Miandiko aliijua. Huyu alikuwa mtoto wa wakulima wa kabichi, hodari wa hesabu. Yule aliandika kwa mkono wa kushoto. Aliwapiga mkasi wote thelathini na mmoja, akawapa saba alama zao mbili mbili, na mkono wake haukwenda haraka wala polepole kuliko alipokuwa akisahihisha vipengele vya mwanzo. Hakuna aliyeinuka kwenda kunywa chai.

Alipomaliza, aliandika idadi juu ya bahasha, akatia saini, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Nipe inayofuata, Mwalimu."

Iliyofuata ilikuwa ya shule ya Kornelio. Mzee hakumkabidhi. Aliiweka mezani mbali naye, ili ainuke kuifuata.

Efrazia aliinuka.