Taa ya Mafuta Iliyopiga Honi

Mzee Anastase alikuwa na macho ya ajabu. Akisimama mlangoni kwake, mtaa wa Katindo mjini Goma, aliweza kukuambia moshi wa volkano ya Nyiragongo leo umelalia upande gani, na mtu akichomoza mwisho wa barabara alimtambua kwa mwendo kabla wengine hawajajua kama ni mwanamume au mwanamke. Lakini mpe kitu karibu, saa, dawa, jina lake mwenyewe kwenye karatasi, haoni kitu. Alikuwa na miwani ya kusomea misale. Akiivaa kanisani alisoma vizuri; akiivaa kwenye usukani, barabara yote iligeuka uji. Kwa hiyo aliendesha bila miwani, na taa ndogo zilizo mbele ya usukani alikuwa hazioni kabisa.

Miaka mingi jambo hili halikumsumbua, kwa sababu alikuwa na mke. Mama Marcelline, mzaliwa wa Butembo, mtu asiyepitwa na kitu, alikaa kiti cha kando na kumsomea. "Mafuta." "Maji." "Umesahau kuzima clignotant, Anastase, batu banazani tunapinda kwenda Sake." Gari lenyewe lilikuwa la samawati, la mwaka sabini na moja. Walilinunua likiwa tayari na umri wake, kwa faida ya maharage ya Rutshuru, na mzee akalibatiza Demoiselle, yaani mwanamwali. Mama Marcelline hakulipenda jina hilo hata siku moja. Hata hivyo alizisoma taa za gari hilo miaka arobaini.

Kisha siku moja mzee alikwenda Kibati peke yake kumsalimia shemeji. Taa nyekundu ya mafuta ya injini ikawaka, naye akaendelea kwenda nayo huku anaimba, mpaka injini ikagonga kama sufuria lililoangushwa na kufa. Alirudi mjini akiburutwa na lori la makaa, kwa kamba, mchana kweupe. Matengenezo yalichukua miezi minne. Siku Demoiselle iliporudi nyumbani, Mama Marcelline aliizunguka mara moja, kisha akasema maneno yake.

"Anastase, miaka makumi ine niko taa yako. Nimechoka. Sasa nitakaa nyuma, sawa na mama wa heshima, na sitasema tena kitu. Endesha mwenyewe. Lakini moteri ikikufa tena hata mara moja, ao nikikuonyesha taa tena, gari inauzwa. Na ni mimi nitaiuza."

Mzee alimjua mkewe. Mwaka fulani alimwapia muuza samaki mmoja kwamba hatanunua tena kwake, na yule muuza samaki amezeeka akingoja. Kesho yake asubuhi mzee aliendesha polepole mpaka Birere, kwa Charline.

Charline alikuwa fundi wa umeme wa magari. Karakana yake ilibanwa kati ya duka la vitenge na kituo cha pikipiki, na madereva walisema akilishika gari analisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Alimsikiliza mzee hadi mwisho bila kucheka, jambo ambalo si wengi waliliweza.

"Nikuwekee ampoule kubwa kwa ile taa?" aliuliza.

"Hata uweke jua, mutoto wangu, karibu siko naona."

"Basi tuweke kitu ya kulia." Akatoa kikengele kidogo, akakiunga kwenye betri. Kikalia tii, tii, tii.

Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo ni sauti ya telefone. Nitazani Marcelline ananiita, na sitajibu."

Charline akalala chali chini ya usukani, kichwa ndani, miguu nje, akakaa humo kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye nyusi na wazo kichwani. Alimwonyesha waya mmoja mwembamba uliotoka kwenye injini kuja kwenye taa nyekundu. Mafuta yakipungua nguvu, alisema, waya huu ndio unaoiwasha taa. Yeye angeufungia tawi, auvute waya mwingine mpaka kwenye honi.

"Taa itawaka sawa na zamani, na honi italia yenyewe. Haitanyamaza mpaka ugeuze ufunguo uzime contact. Ila muzee, kila asubuhi ukifungua contact, mbele moteri haijaanguruma, italia kwanza. Iyo saa mafuta haijapanda."

"Ilie," alisema mzee. "Jirani watajua nimeamuka muzima."

Na walijua. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Demoiselle ilitoa sauti yake nzito ya ng'ombe aliyekosa ndama, kisha injini ikashika na sauti ikakatika. Siku za kwanza majirani walinung'unika. Wiki ya tatu mama mmoja wa kambi ya askari iliyo jirani alikuja kushukuru kwamba watoto wake hawachelewi tena shule. Mzee alifurahi kama mtu aliyerudishiwa meno. Alikwenda sokoni, alikwenda misa, alikwenda hata mahali pasipokuwa na haja ya kwenda, na Mama Marcelline alikaa nyuma na mkoba wake magotini, ameuma midomo. Kiapo ni kiapo.

Mwezi wa nane mjukuu wao Sylvie akawa anaolewa, na akasema hataki kupanda gari lingine lolote kwenda ukumbini isipokuwa Demoiselle. Mzee aliipaka nta siku mbili. Mama Marcelline, kwa upande wake, aliwakusanya wanawake wa ukoo na kuwakumbusha wanalolijua wote: gari la bibi arusi halisimami njiani kati ya kanisa na ukumbi. Likisimama, ndoa nayo itakuwa ya kusimama-simama.

Hapa sasa ndipo lilipojificha kosa la mzee na Charline, na ni kosa ambalo watu wa mji wetu wangepaswa kuwa wa mwisho kulifanya. Walifikiria mvua, walifikiria mawe ya barabarani, walifikiria hata usingizi. Hakuna aliyefikiria siku ambayo magari yote yanalia pamoja, siku ya arusi.

Walitoka kanisani magari kumi na tano, na pikipiki ambazo hakuna aliyezialika, na mpiga video amekaa kinyumenyume juu ya mojawapo. Honi zilipigwa kwa mkono, kwa kiwiko, kwa furaha. Mzee naye alibonyeza ya kwake bila kupumzika, Sylvie akicheka kiti cha nyuma na shela lake limejaa mpaka magotini pa Mama Marcelline. Wakakipita kituo cha petroli, na karibu na mzunguko wa barabara alimwona kwa mbali rafiki wa siku za maharage, amesimama mbele ya duka la dawa. Akaondoa mkono kwenye usukani ili ampungie.

Honi ikaendelea kulia.

Kwanza alidhani ni gari la nyuma. Akatega sikio. Ilikuwa sauti nzito, ya ng'ombe: ya Demoiselle. Ukumbi ulikuwa mbele, kama kilomita moja hivi. Kwa macho yake ya mbali aliuona hata mlango na maputo yake. Akiendelea, labda injini ingevumilia. Akisimama, wanawake wangelisimulia hadi mtoto wa nne wa Sylvie abatizwe, na msemaji mkuu angekuwa mkewe mwenyewe. Alitaka sana kuendelea. Lakini aliikumbuka ile kamba ya lori la makaa, akawasha clignotant, ile taa ya kugeukia, akasogea kando na kuzima kila kitu.

Nyuma yake honi kumi na nne zilinyamaza moja baada ya nyingine.

Mafuta yalikuwa yamechora mstari mweusi barabarani. Vijana wa pikipiki wakachungulia chini ya injini: nati ya bomba moja ilikuwa imelegezwa na mawe. Mzee alishika feni kwa mkono akaizungusha, nayo ikazunguka laini, bila kugoma, ishara kwamba injini haijakwama. Alitaka kulia kwa furaha.

"Tate, moteri imekufa?" Sylvie alimwuliza babu yake, kichwa nje ya dirisha.

"Haijakufa. Iko muzima kabisa. Lakini haiwezi kutembea."

Tayari shangazi wawili walikuwa wameshuka, mikono kichwani. "Bibi arusi amesimama njiani," mmoja akaanza.

Mama Marcelline akafungua dirisha lake. "Nani amesimama?" alisema. "Gari iko napumua. Banaume basukume."

Wakasukuma, suti na tai zao zote, na kwa kuwa barabara za Goma zinateremkia ziwani, haikuwa kazi kubwa. Mzee alifungua contact bila kuwasha injini, na honi ikalia yenyewe njia nzima, yeye akipunga mikono yote miwili kila palipokuwa na watu, na kushika usukani alipokumbuka.

Wageni walipoingia ukumbini, wazee wawili walibaki ndani ya gari, yeye mbele, mkewe nyuma.

"Ile taa uliiona?" aliuliza bila kugeuka.

"Niliiona. Iliwaka kwa station ya essence."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Na kama ningeendelea kwenda?"

Mama Marcelline akanyoosha mkono, akauweka karibu na shingo ya mumewe bila kuigusa. "Mukono yangu ilikuwa hapa," alisema. "Nilihesabu mpaka kumi, nikarudia tena. Kama ningekugusa, ningepashwa kuiuza, nilishaapa. Na sikutaka kuiuza, Anastase. Nilikuwa naomba Mungu usikie."

Mzee akaegemea nyuma kidogo, mpaka shingo yake ikaufikia ule mkono, nao haukuondolewa mpaka walipoitwa kula.