Sala ya Afande

Babu yule, askari jela mstaafu, alisali wima, visigino vimebanana, kifua mbele. Mungu alimwita Afande. Mkewe akimwambia apige magoti kama watu, alikuja juu: "Mbele ya mkubwa hakuna kulegea!" Kazini hakuwahi kuona mkubwa anayekuita kwa wema.

Jioni moja binti yao alimwachia kichanga chake, akaenda kuoga. Mtoto akapitiwa na usingizi kifuani kwa babu, kang'ang'ania shati. Saa ya sala ikafika. Mzee akajaribu kuinuka, mtoto akaguna. Akaketi tena taratibu.

"Baba," akanong'ona, neno ambalo hakuwahi kulitia kwenye sala. "Leo sisimami. Mwenyewe unajua, mtoto akikulalia kifuani haamshwi."