Wewe ya Nyumbani

Nilipokabidhiwa karakana ya kunoa visu hapa Solingen, Ujerumani, wanoaji wake walikuwa sita, wanne wameshapita miaka sitini. Mmoja tu kati yao, Bwana Overrath, alijua kupunguza ubavu wa kisu hadi makali, ukiyakandamiza juu ya ukucha, yanapinda kidogo na kurudi. Wakubwa waliniambia waziwazi kwamba asipopatikana wa kuirithi kazi ile, karakana inafungwa.

Mrithi alikuwepo. Dilara Aksungur, miaka ishirini na tisa, mikono mizuri, mdomo haulali. Nikamweka kwenye jiwe la kunolea lililo kando ya mzee. Na kwa kuwa nilikuwa nimetoka semina, kichwa kimejaa moto, nikabandika tangazo mlangoni: kuanzia Jumatatu sisi ni timu moja, tunaitana majina ya kwanza. Lugha yetu ina wewe mbili, ya heshima na ya nyumbani. Ya heshima, niliandika, tunaiacha nje. Nikachora hata kisu kinachotabasamu. Naona aibu mpaka leo.

Bwana Overrath hakubisha. Alianza tu kuongea bila kumtaja anayeongea naye, na kwa lugha yetu mtu mwerevu anaweza kufanya hivyo kutwa nzima.

"Maji yaongezwe," aliliambia jiwe. "Kisu kishushwe."

"Nani akishushe, mimi?" Dilara akauliza.

"Kishushwe."

Wiki mbili zikaenda hivyo, Dilara akiharibu visu kwa makumi. Ya tatu ikaja na barua ya mistari miwili: Bwana Overrath anastaafu mapema, mwisho wa Machi. Nikaingia jikoni nikasema, tena kwa sauti, kwamba yule ni mzee mkaidi anayetaka tuzame pamoja naye.

Dilara akaweka kikombe chini. "Wiebke, nikwambie kitu, hutakasirika?"

"Sema."

"Hiyo wewe ya nyumbani, mwenye kuitoa ni mkubwa. Anakupima miaka, halafu siku moja anakunyooshea mkono na kukutajia jina lake. Marehemu baba alinoa kando ya yule mzee miaka kumi na moja ndipo akapewa. Siku hiyo alirudi nyumbani na keki. Wewe umeigawa kwa karatasi kama zamu za kufagia. Na haikuwa yako."

Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Nilidhani tu imepitwa na wakati, na nikijisema ukweli, nilimdhania hivyo hivyo na mzee mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko barua.

Nikabandua tangazo, nikamfuata kwenye jiwe lake mbele ya wote.

"Bwana Overrath," nikasema, kwa ile ya heshima, "nilichukua kitu chako bila kukuuliza. Nakirudisha. Naomba radhi."

Alizima mashine. Akafuta mikono kidole kimoja kimoja, hadi nikatamani ardhi inimeze.

"Ile barua unayo?"

Nikampa. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nitakaa mpaka mkono wa Bi Aksungur ukomae. Baada ya hapo siongezi hata siku, mgongo umechoka. Lakini bosi simpi wewe ya nyumbani nikiwa kazini, Bi Tesmer. Nikiwa naondoka, hilo ni jambo lingine."

"Nimeelewa."

"Na kile kisu chako cha kuchekacheka kilikuwa butu." Akamgeukia Dilara. "Bi Aksungur, sogea hapa. Shusha kiwiko. Unanoa, husukumi mlango."

"Jamani, kumbe anajua kuongea," Dilara akasema, na mzee akajifanya hakusikia.

Machi ikapita, na kiangazi nacho. Septemba Dilara alileta keki asubuhi moja. Hakusema ni ya nini, na hakuna aliyeuliza. Alhamisi moja ya Novemba Bwana Overrath akaja mezani kwangu na kisu alichokinoa Dilara peke yake. Akayakandamiza makali juu ya ukucha wa dole gumba langu. Chuma kikapinda kidogo, kikarudi.

Karakana ilikuwa imepona. Nilitaka kucheka kwa furaha, lakini yeye alikuwa anapangusa mkono kwenye aproni. Akaninyooshea.

"Karl-Egon," akasema.

Sikuushika mara moja. Miezi yote ile niliutamani mkono huo, na sasa nilitamani aniite Bi Tesmer mwaka mmoja zaidi. Yeye akangoja bila kuushusha.

"Wiebke," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya karakana nzima.

"Mwisho ni Ijumaa ijayo," akasema. Halafu, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya: "Usilie, Wiebke. Unanisikia wewe? Usilie."