Sindano ya Jumatano

“Kosa ni langu, daktari, tena la peke yangu. Si la kugawana kama karanga.”

Nesi wa kliniki ya figo aliyasema hayo amesimama, kadi ya mgonjwa anaigeuza huku na huku, utadhani nyuma yake kuna habari njema. Kadi ilikuwa ya mzee mmoja, fundi saa. Figo zake zilichoka, mwili ukashindwa kujitengenezea damu ya kutosha, akapewa sindano za kuongeza damu ajichome mwenyewe nyumbani, kila Jumatano saa kumi jioni. Miezi ya kwanza damu ilipanda vizuri. Halafu ikaanza kuporomoka: kumi, nane, sita.

Sasa pale kliniki walikuwa na mazoea yao. Damu ya anayejichoma nyumbani ikishuka, mshitakiwa wa kwanza ni yeye. Kasahau, kaogopa, au dawa kaiacha nje ya friji. Wiki tatu nyuma nesi alimbana mzee mbele ya foleni nzima.

“Mzee wangu, hizi sindano unawachoma panya?”

Watu wakaangua kicheko.

“Binti yangu, miaka arobaini natengeneza saa za watu. Mimi nikose saa?”

“Mganga hajigangi!” nesi akamjibu, kicheko kikaongezeka. Akapeleka kadi dozi iongezwe mara mbili, daktari akatia saini.

Mzee akazichukua sindano zake mpya. Ila leo asubuhi, alipokuja kutolewa damu ya vipimo, aliacha mezani kopo la maziwa ya unga, akaenda zake. Ndani mlikuwa na sindano tupu, kila moja na tarehe yake kwenye kipande cha plasta. Nesi akazipanga mezani, akalinganisha na kadi. Haikukosekana hata moja.

Utani ukamkauka mdomoni. Akakimbia maabara, akawaomba wahesabu na chembe changa, zile za damu mpya. Saa tisa majibu yakaja: karibu hakuna.

Daktari alisoma, akavua miwani.

“Mwili umeigeukia dawa. Unaiona adui, unaipiga, na ukiipiga unapiga hata kile kichocheo kidogo cha damu anachojitengenezea mwenyewe. Ni nadra sana, mimi nimeshaona mmoja tu. Kila sindano inauchochea zaidi. Asichome tena hata moja, na aje leo hii hii aongezwe damu.”

“Na mimi nikamwongezea dozi.”

“Leo ni Jumatano,” daktari akasema.

Wote wawili wakatazama ukutani. Saa tisa na dakika ishirini na mbili.

Simu ya mzee iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili. Mara ya tano. Nesi akatoka na sare yake, akarukia pikipiki ya kwanza.

“Mama, kuna mtu anajifungua?” dereva akamtania.

“Kimbiza, baba! Utani nitakulipa kesho.”

Mlango wa fundi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Saa za ukutani zilisikika dirishani, nyingi, na zote zinakubaliana. Akagonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akavua kiatu akagonga nacho. Ndani, saa zote zikalia kwa pamoja: saa kumi.

Akabandika mdomo kwenye ufa wa mlango.

“Mzee wangu, ni mimi, yule wa panya. Hukukosea hata siku moja. Iweke chini hiyo sindano, unifungulie.”