Kabati la Vitabu vya Wageni

Binti yangu Anneth alikuwa na mtihani wa baiolojia, kidato cha nne, siku ya Jumanne. Shuleni kwao kitabu kimoja wanagombania watu kumi na wawili, na zamu yake ilikuwa imeshapita. Ijumaa kabla ya mtihani nikaacha maharage uwanjani, nikamwambia vaa viatu, twende maktaba ya kata.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja cha ofisi ya kata: meza mbili, mabenchi, na kabati la vioo lenye kufuli. Vitabu vya baiolojia tuliviona humo, bado vimo kwenye nailoni.

"Projestus, fungua kabati," nilimwambia mtunza maktaba. "Mdogo wako anataka baiolojia."

"Vile havishikwi, mama. Wafadhili wanakuja kukagua mwezi ujao. Wakikuta vimechakaa, watasema hatutunzi."

"Na wakiuliza wasomaji?"

"Wasomaji wapo!" Akanisogezea daftari la mahudhurio kwa fahari.

Walikuwepo kweli, kurasa kwa kurasa. Ndassa. Niyonsaba. Clotilda. Mpangilio ule niliujua. Nina diploma ya kilimo, na orodha ya mbolea ya ruzuku ya kitongoji chetu niliiandika mimi. Projestus alikuwa ameinakili mstari kwa mstari. Namba kumi na saba ni mimi. Kwa daftari lile, nilikuwa nimekuja kusoma mara nne. Namba kumi na nane ni mama mkwe wangu, Avelina. Tulimzika Juni.

"Mama mkwe alikuja Jumatano," nilisema. "Alisoma nini?"

Projestus akavuta daftari. Nikalikalia.

"Mama, taratibu. Mtendaji yuko chumba cha pili."

"Muite. Nimpe habari njema. Marehemu alikufa hajui hata a, e, i, o, u, kumbe huko aliko kaanza shule."

Anneth aliziba mdomo kwa kiganja.

"Unanidhalilisha, mama."

"Bado. Fungua kabati, au nimsomee mtendaji majina haya kwa sauti, kuanzia namba moja."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake muda wote. Alimpa Anneth kitabu kwa mikono miwili, kama anakabidhi mtoto mchanga. Anneth akakishika tu, anamtazama.

"Chana nailoni," nilimwambia.

Akachana.

"Lakini hakitoki humu," Projestus alisema. "Na nafunga saa tisa na nusu."

"Leo utafunga saa kumi na mbili. Na kesho utafungua."

"Jumamosi hatufungui."

"Daftari lako linasema Jumamosi mlikuwa na wasomaji thelathini. Walipitia dirishani?"

Anneth alikuwa ameshainama, kalamu mkononi, ananakili mchoro wa moyo.

Kesho yake saa mbili asubuhi Projestus alikuwa kibarazani, amenuna. Akatazama nyuma yangu, akaanza kuhesabu vichwa. Darasa zima la Anneth lilikuwa limekuja.

"Wote hawa, mama?"

"Wote. Tupishe."